Katika Lupango wa Mwingine



Tangu miezi mitatu kuna neno linalozunguka katika parokia yetu. Kila Jumapili baada ya ibada watu wananishika mkono na kuniuliza: Papa Shemasi, ni kweli vijana wanataka tuache Facebook na WhatsApp? Ni kweli kwamba kukaa huko ni dhambi? Kamati imeniomba niandike jibu, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika mambo ya matangazo. Nimekubali, ijapokuwa mimi si mtu wa masomo makubwa. Nilimaliza sekondari, nikaingia kazi ya ukarani katika depo ya saruji hapa Lubumbashi, na telefoni yangu ya kwanza ya kioo niliinunua imekwisha kutumiwa na mwingine. Lakini shauri hili si la wenye diploma peke yao. Ni shauri la kujua nani ndiye mwenye nyumba, na sisi tunafanya nini ndani ya nyumba hiyo.

Wengi mnakumbuka ukurasa wetu. Tuliufungua katika mtandao mmoja mkubwa, sitautaja jina, na kwa muda wa miaka minane tuliweka humo kila kitu: picha za wapapa wakibeba matofali ya hekalu, nyimbo za kwaya, ubatizo, mazishi ya wazee wetu. Picha nyingi hazikubaki tena mahali pengine popote, sababu telefoni zilizozipiga ziliibwa ao ziliharibika. Halafu asubuhi moja mwizi akapata neno la siri la kijana wetu, akaingia, akabadilisha jina la ukurasa, akaanza kuuza viatu na dawa za kunenepesha mwili. Tuliwaandikia wenye mtandao. Ilijibu mashine. Tuliandika tena. Mashine ilijibu maneno yale yale, kwa Kifaransa kizuri kabisa. Siku ya kumi na mbili ukurasa ulifungwa, na miaka yetu minane ikaenda pamoja nao.

Wezi wapo tangu zamani, hilo si jambo jipya. Kilichonisumbua mimi ni kwamba sikupata mlango wa kubisha. Babu zetu walitawaliwa na Wabelgiji kwa ukali, tunalijua, lakini hata wao waliijua ofisi ya ajenti wa teritware ilipo. Mtu aliweza kukaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni akingoja. Akikataliwa, alikataliwa na mtu mwenye uso. Sisi hatukupata hata uso wa kutukatalia.

Kila mtu aliyepanga nyumba katika Katuba ao katika Kenya anajua kukaa katika lupango wa mwingine ni nini. Unalipa garanti, mnagombana juu ya choo na juu ya maji, na mwenye nyumba anaweza kuamka siku moja na kusema mtoto wake anaoa, utoke. Ni uchungu, lakini unajua anaitwa nani, na unaweza kumpeleka mbele ya shefu wa kartie. Lakini nani kati yetu angejenga vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma katika lupango wa mwenye nyumba ambaye hajamwona, asiyempa karatasi yoyote? Hata mpumbavu hawezi. Sisi tulifanya hivyo kwa miaka minane, na tulikuwa tunapiga makofi.

Basi mwenye nyumba huyo ni nani? Facebook ilianza mwaka 2004, ikianzishwa na Mark Zuckerberg na wenzake walipokuwa wanafunzi wa Harvard, kule Marekani. Mwaka 2012 ikanunua Instagram, na mwaka 2014 ikanunua WhatsApp kwa bei ya dolari miliari 19. Tangu Oktoba 2021 kampuni yenyewe inaitwa Meta. Vitu hivyo vitatu, ambavyo sisi tunavihesabu kama vitatu, ni mali ya kampuni moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 vyote vilizimika pamoja karibu saa sita nzima, ulimwenguni kote, kwa sababu ya kosa lililofanyika ndani ya mashine zao wenyewe. Watu wengi siku hiyo walifikiri ni mega zimekwisha.

Nasi hatuwalipi franka hata moja. Hapo ndipo vijana walinifungua macho, na ninawashukuru. Mwenye duka asiyekuuliza bei, tafuta kujua anauza nini. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliingiza dolari zaidi ya miliari 160, na karibu zote zilitoka kwa wafanyabiashara wanaolipa ili matangazo yao yapite mbele ya macho ya watu. Kinachouzwa ni macho yetu na saa zetu. Kwa hiyo mashine ya Facebook haikuonyeshi habari za ndugu zako kwa utaratibu zilivyokuja. Inachagua. Inatazama ni kitu gani kilikusimamisha jana, inakuletea kingine cha kufanana nacho, ili ukae, usiondoke. Na sisi wanadamu, tuseme ukweli, tunasimama kwa muda mrefu mbele ya ugomvi kuliko mbele ya amani. Piteni barabarani mahali wanawake wawili wanatukanana, mtaona umati. Mahali watu wawili wanapatana hakuna umati.

Kule Myanmar, nchi ya Asia, tangu Agosti 2017 watu zaidi ya 700.000 wa kabila la Rohingya walikimbia nchi yao kwa sababu ya mauaji. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kwamba Facebook ilikuwa na sehemu katika kueneza chuki ile, na mwezi wa Novemba wa mwaka ule kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha kuizuia. Hayo si maneno ya maadui wake, ni yake.

Hata hivi lazima niseme jambo moja ambalo vijana hawapendi nikilisema. Mwaka 1992 na 1993 mimi nilikuwa mtoto wa shule kule Likasi. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala muda mrefu kwenye vituo vya treni, na watoto wengi walikufa pale wakingoja gari la moshi. Rafiki niliyekaa naye benchi moja hakurudi tena darasani, na mpaka leo sijui yuko wapi. Wakati ule hakukuwa na Facebook. Zuckerberg alikuwa mtoto kama mimi. Chuki ilipita kwa midomo, kwa mikutano, kwa nyimbo za mlevi kwenye bar. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mashine ndiyo iliyozaa chuki. Mashine iliikuta mezani, ikaipelekea sahani kwa wengi zaidi.

Sasa, vijana wanapendekeza nini? Wanapendekeza mitandao isiyo ya makampuni makubwa, ile inayosimama peke yake. Nitaeleza miwili tu, kwa kuwa mingine mimi mwenyewe sijaielewa vizuri.

Wa kwanza ni Signal. Kwa macho unafanana na WhatsApp: ujumbe, sauti, makundi. Lakini mwenyewe ni shirika lisilotafuta faida, lililoundwa mwaka 2018. Mmoja wa wale wawili walioianzisha WhatsApp mwaka 2009, anaitwa Brian Acton, aliondoka katika kampuni mwaka 2017, halafu akatoa dolari milioni 50 kusaidia shirika hilo. Fikirini kidogo: fundi aliyejenga nyumba anaiuza, anatajirika, kisha anatumia sehemu ya mali hiyo kujenga nyumba nyingine ng'ambo ya barabara. Signal haiuzi matangazo. Na kwa haki lazima niongeze kwamba WhatsApp nayo, tangu mwaka 2016, inafunga ujumbe kwa kufuli la namna ile ile iliyotengenezwa na watu wa Signal, hata kampuni yenyewe haisomi mnayoandikiana. Tofauti iko katika mambo mengine: nani unasema naye, saa ngapi, nani yuko katika daftari lako la namba. Signal inajitahidi isijue hayo.

Wa pili ni Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Huu si nyumba moja. Ni kama mji wenye nyumba nyingi ndogo, kila nyumba na mlinzi wake na sheria zake, na barabara zinaziunganisha. Anayekaa katika nyumba hii anaweza kuandikiana na anayekaa katika nyumba ile. Mlinzi akiwa mbaya, unachukua fungu lako la wafuasi na kuhamia nyumba nyingine. Na hakuna mashine ya kukuchagulia: unaona wale uliochagua kuwafuata, aliyeandika mwisho yuko juu. Mwaka 2022 tajiri mmoja, Elon Musk, aliponunua Twitter kwa dolari miliari 44, na kubadilisha sheria zake, na mwaka uliofuata hata jina lake, watu wengi walihamia Mastodon kwa kuona kwamba nyumba yao ya zamani imeuzwa wao wakiwa ndani.

Nikisikia hayo moyo wangu unafurahi. Lakini mtu mwenye kukaa kwenye depo anauliza kwanza: nani analipa? Mwaka 2023 watu wa Signal walitangaza kwamba kufika mwaka 2025 kazi yao itahitaji dolari karibu milioni 50 kila mwaka, nao wanaishi kwa michango. Na zile nyumba ndogo za Mastodon nyingi zinashikwa na mtu mmoja ao wawili kwa mfuko wao. Mlinzi akichoka, akiugua, akikosa pesa, nyumba inafungwa, na waliomo wanatafuta kwingine. Uhuru una fakture yake. Ndugu zetu Wakimbangu wanaielewa habari hii kuliko wengi, na nsinsani yao, kule kushindana katika kutoa, ndiyo iliyojenga mashule na hekalu kubwa la N'Kamba. Sisi je, tunapenda kuimba juu ya kujitegemea, lakini sahani ya michango ikipita kila mmoja anatafuta kitu chini ya benchi.

Kuna tena jambo la mega. Forfe ninayoweza kununua kwa franka zangu inanifungulia WhatsApp na Facebook kwa bei ndogo. Nikitaka kutoka nje ya milango hiyo miwili, ninalipa bei nyingine. Kwa hiyo maskini anaingizwa kwa mlango mpana kwa kuwa mlango mwembamba ni ghali. Sijui kama aliyepanga bei hizo alisoma Injili, lakini angecheka.

Na kuna walio mbali. Mwaka 2025 Goma ilipoanguka mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi zilitafutana kwa WhatsApp. Katika parokia yetu mama mmoja alikaa siku tisa bila kujua kama binti yake yuko hai, na aliyeleta habari ni sauti ya sekunde kumi na moja, iliyopita kwa watu wanne kabla ya kumfikia. Mkiniambia nimwambie mama huyo kwamba njia ile ni najisi, mimi siwezi. Angetuma telefoni ile kichwani kwangu, na angekuwa na haki.

Sasa nifike mahali panaponiuma mimi mwenyewe. Nimesita kuandika hili, lakini bila hili maneno yote ya juu ni ya mtu anayenawa mikono.

Wakati wa kiangazi kilichopita mtoto mmoja wa kartie yetu alikufa. Siku ya pili, katika grupu ya parokia, iliingia sauti ya mwanaume tusiyemjua, dakika tatu, akisema kwamba mtoto ameliwa na mama mjane fulani, akitaja jina lake na avenue anapokaa. Mimi nilisikiliza kama nusu dakika. Gari la saruji lilikuwa linanisubiri. Nikaituma sauti ile kwa makundi mengine mawili, na chini yake nikaandika: Tuombe. Mimi, shemasi. Jioni vijana wasio wa kanisa letu, na wawili wa kanisa letu, walitupa mawe juu ya mabati ya yule mama. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia, lakini alikimbia usiku kwenda kwa mdogo wake katika komini nyingine, na alikaa huko wiki saba. Wazazi wenyewe wa mtoto walikuja mbele ya kamati, wakasema mtoto alikufa kwa malaria, walikuwa naye hospitali, na hawakumshitaki mtu yeyote.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa kiti. Alikaa kimya kwanza, akiendelea kuchagua mchele, halafu akaniuliza:

– Papa Shemasi, maneno hayo yalisemewa wapi?

– Katika grupu, Mama.

– Mimi nilikuwamo?

– Hapana, Mama.

Akatoa telefoni yake mfukoni, ile ndogo ya vibonyezo, akaiweka juu ya meza kati yetu.

– Basi mlinihukumu katika nyumba ambayo mimi siwezi kuingia.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimsaidia kuchagua mchele kidogo, nikaaga.

Nilipomwelezea kiongozi wa vijana, aliruka: Unaona, Papa Shemasi? Ndiyo maana tunasema tutoke huko! Nikamwambia: Hapana, mwanangu. Tusimdanganye Mungu. Mashine ya Facebook haikuchagua sauti ile, mtu aliileta kwa kidole chake. Wenye WhatsApp wenyewe, tangu Januari 2019, walizuia mtu kupeleka ujumbe mmoja kwa zaidi ya makundi ao watu watano kwa mara moja. Mimi nilitumia wawili tu, na walitosha. Na kama sauti ile ingeingia katika Signal, ingepita vilevile, kwa kufuli lile lile, na yule mama angebaki nje vilevile na telefoni yake ya vibonyezo. Kuhama nyumba hakubadilishi ulimi.

Alinyamaza. Halafu akanijibu neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema: Papa, ni kweli. Lakini katika grupu ya watu mia mbili na zaidi, ambamo nusu hatuwajui, nani angesimama kusema acha? Ukitaka tuwe na sheria, lazima kwanza tuwe na nyumba ambayo sheria yetu inafika mpaka ukutani.

Nimefikiri sana juu ya maneno yake na maneno ya yule mama, na naona wote wawili wana haki, ijapokuwa wanavuta kamba pande mbili. Kijana anauliza: nani anatutawala hapa tunapokutana? Mama anauliza: nani amebaki nje tunapokutana? Mtu anaweza kujibu vizuri swali la kwanza na kuanguka katika la pili. Tunaweza kuhamia mtandao safi kuliko yote, usio na tangazo hata moja, wenye mlinzi mwema, na humo ndani tukawa vijana arobaini wenye telefoni nzuri tukiamua mambo ya wamama mia tatu.

Katika Maandiko ninamtazama Danieli na wenzake watatu. Walipelekwa Babeli, wakawekwa katika nyumba ya mfalme, wakajifunza lugha yake na vitabu vyake, wakafanya kazi yake. Hawakutoroka. Lakini chakula cha meza ya mfalme walikikataa, wakaomba wajaribiwe kwa mboga na maji siku kumi. Tangu utoto nilifikiri ni habari ya chakula. Leo naona ni habari ya mtu anayekaa katika lupango wa mwingine na kuchagua ni kitu gani cha mwenye nyumba kitaingia mwilini mwake, na kipi hakitaingia. Ukali wake ni kwamba aliendelea kukaa pale.

Na kuna wazee wetu. Papa Simon Kimbangu, ambaye makanisa mengi ya kinabii ya Kongo yanamheshimu hata yale yasiyo ya Wakimbangu, alianza kazi yake N'Kamba mwaka 1921. Mwaka ule ule alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku kwetu Elisabethville, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini. Wafuasi wake walihamishwa na kutawanywa mbali katika mikoa, na nyimbo zilikwenda nao kichwani. Serikali ilikuwa na posta, telegrafu, treni na askari, wao walikuwa na kinywa na kumbukumbu. Sisemi turudi huko. Ninasema walikuwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kukizima. Sisi mtandao ulipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, karibu siku ishirini, tulishindwa hata kujua nani anaongoza kwaya Jumapili. Na tuangalie vizuri: siku zile Signal nayo ilinyamaza, Mastodon nayo ilinyamaza. Njia zote hizo, kubwa na ndogo, zinapita juu ya daraja lile lile la makampuni ya telefoni na amri ya serikali. Telefoni yenyewe ina kobalti, na kobalti nyingi ya ulimwengu inatoka Kongo, katika udongo wa Katanga unaochimbwa na ndugu zetu. Hakuna aliye safi kabisa katika jambo hili, na anayejiita safi hajaifungua betri.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wanaoniuliza kama ni dhambi ni hili. Kuwa na WhatsApp si dhambi, kama kwenda sokoni si dhambi. Lakini familia inayolala sokoni, inayoweka nguo zake na karatasi zake za ubatizo chini ya meza ya muuza samaki, hiyo imekosa akili. Na shemasi anayechukua neno sokoni na kulitupa mlangoni pa mjane, hilo lina jina lake, na nimekwisha kulitaja mbele ya kamati.

Kamati imekubali yafuatayo, baada ya mikutano minne na maneno mengi. Matangazo ya ibada, ya kilio na ya kazi za hekalu yatabaki katika WhatsApp, kwa kuwa watu wako huko, lakini katika grupu mpya ambamo wanaoandika ni watatu tu. Mambo ya wagonjwa, ya madeni na ya ugomvi wa nyumbani yametoka huko kabisa: watu kumi na mmoja wa kamati ya huruma wanayazungumza kwa Signal, na mambo yaliyo mazito wanayazungumza kwa miguu. Ukurasa hatutaufungua tena. Nyimbo na picha zinawekwa juu ya diski mbili, moja kwa karani, nyingine kwa mweka hazina, na vijana wanakusanya zile zilizobaki katika telefoni za watu. Juu ya Mastodon tumeomba vijana wajaribu mwaka mmoja kwa jina lao, si kwa jina la kanisa, halafu watueleze.

Si wote walikubali. Mzee mmoja ninayemheshimu sana ameacha kamati. Alisema watu kumi na mmoja katika chumba chenye kufuli ni mwanzo wa siri, na siri ni mwanzo wa wizi. Nilimjibu kwamba wagonjwa wana haki ya siri. Akaniambia: Ndiyo, na wezi wanapenda kusimama karibu na wagonjwa. Sikumshinda kwa maneno, na sidhani ana kosa lote. Kwa hiyo tumekubali kwamba kila miezi mitatu watu wawili wasio wa kamati, mmoja wao mama, watasoma hesabu zote za michango ya huruma, bila majina ya wagonjwa. Tunamwomba mzee arudi, awe wa kwanza kusoma.

Na kuna daftari. Kila tangazo linaloandikwa katika grupu litaandikwa kwanza katika daftari la mistari, kwa kalamu, na litasomwa kwa sauti mlangoni pa hekalu siku ya Jumatano na Jumapili. Jina la mtu halitasomwa kama mwenyewe hayupo na hakuulizwa. Yule mama amerudi nyumbani kwake tangu mwezi uliopita. Mabati mawili yaliyopasuka tumeyabadilisha. Ameombwa kuwa mmoja wa wale wanaosikiliza daftari kabla ya kusomwa, akasema atafikiri.

Wanaotaka kuwekewa Signal, ao kutoa picha zao za zamani, waje Jumamosi saa nane, baada ya mazoezi ya kwaya. Vijana watakaa chini ya mwembe. Njoni na telefoni zenye chaji, kwa sababu umeme wa Jumamosi mnaujua. Wasio na telefoni ya kioo waje pia, kuna benchi, na daftari litakuwa pale.